Pole Haina Kiingereza

Mvua za masika zikishaanza Moshi, mlima hufunikwa na mawingu hata wiki nzima usiuone, wageni hupungua, na wapagazi hubaki mjini hawana pa kwenda. Hapo ndipo darasa langu la Kiingereza linapojaa. Nafundishia barazani kwangu, Aprili na Mei, kuanzia saa kumi na mbili jioni: ubao mmoja, chaki, na mabenchi matatu ya kuazima kwa jirani mwenye mgahawa. Mvua ikizidi juu ya bati hakuna anayemsikia mwenzake, basi tunanyamaza wote, tunakunywa chai mpaka ipungue. Ada yangu ni ndogo. Wapo wanaolipa kwa ndizi, na sijawahi kulalamika.

Wenyewe wanajiita wagumu, na jina linawafaa. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20, na akishaubeba anampita mgeni njiani, maana mgeni akifika kambini inatakiwa akute hema limesimama na maji yanachemka. Kutoka upagazi mtu anapanda kuwa mhudumu wa meza, kisha msaidizi, kisha mwongoza wageni mwenye leseni. Miguu wanayo, mapafu wanayo. Kinachowakwamisha kwenye ngazi hiyo ni Kiingereza. Wengi wao waliishia darasa la saba, na shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengine, tena somo la kuimba. Nitaeleza huko mbele nina maana gani.

Jioni moja kijana wa Marangu, mkimya, anayekaa siku zote mwisho wa benchi, alininyooshea mkono kabla sijaandika hata tarehe ubaoni.

“Madam, kuna mgeni nilimwambia sorry akakasirika.”

Akasimulia. Walikuwa wameshapita mita 4,000. Mgeni wao, mama wa makamo, mlima ulikuwa umemshika: kichwa kinagonga, amekaa juu ya jiwe anatapika. Kijana akamkuta hapo njiani. Akashusha mzigo, akachuchumaa mbele yake, akasema kama ambavyo wewe na mimi tungesema: “Sorry. Sorry, mama.” Yule mama akapangusa mdomo, akajibu, “It's not your fault.” Si kosa lako.

Kijana akashangaa. Kosa limetoka wapi tena? Mbona kama anatuhumiwa? Akaona Kiingereza kimemwangusha, bora arudi kwenye lugha yake. Akamwambia kwa upole wote alionao, “Pole. Pole sana.” Sasa mama huyo, tangu getini, kila aliyepishana naye alikuwa akimwambia “pole pole”, maana ndiyo nasaha ya kwanza ya mlima, na ndilo neno la Kiswahili ambalo kila mgeni anashuka nalo. Akasikia pole, akasikia pole tena. Akainua uso, machozi yanamlenga, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa: “I AM going slowly!”

Darasa zima lilicheka mpaka baba mmoja akaangusha kikombe. Kijana hakucheka. “Sasa madam,” akauliza, “ningesemaje?”

Nimefanya kazi mapokezi hotelini miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha, na swali hilo nimelikwepa miaka mingi vilevile. Vitabu vya mazungumzo vinasema pole ni “sorry”, na wote tumemeza hivyo. Lakini “sorry” ikisimama peke yake, kwa masikio ya Mwingereza au Mmarekani, ni neno la aliyekosa: nimekukanyaga, nimechelewa, nimemwaga chai yako. Pole haikiri kosa. Pole inasema nimeona kilichokupata. Ndiyo maana tunampa pole aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyetoka safari, aliyekaa kwenye foleni, hata aliyekuwa kazini tu mchana kutwa. Jaribu kumwambia mfanyakazi mwenzako kutoka Leeds “Sorry for work” uone atakavyokutazama.

Nikawaandikia ubaoni tulichonacho. Kwenye habari mbaya “sorry” inafaa, ila usiiache uchi, ivalishe: “I'm sorry to hear that.” Kwenye msiba: “I'm so sorry for your loss.” Kwa mgonjwa aliye mbele yako: “I'm sorry you're feeling so bad.” Sentensi ikikamilika namna hiyo hakuna atakayekwambia si kosa lako. Lakini kwa kujikwaa, kwa uchovu, kwa mzigo mzito, wenye lugha yao hawana cha kumpa mtu. Wanauliza: “Are you okay?” “Can I get you some water?” Sisi tunampa mtu pole, wao wanampa swali. Kijana angemuuliza yule mama kama anataka maji, yaliyobaki yangefuata yenyewe.

(Nisisahau kusema: ukizungumza Kiingereza na Mkenya, Mganda, Mnaijeria au Mghana, mwambie “sorry” akijikwaa na ataelewa vizuri kabisa. Waafrika tumeshakifundisha Kiingereza neno hilo kazi mpya. Ni wageni wa mlimani tu ambao hawajapata taarifa.)

Sasa nirudi kwenye ule wimbo. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa anaujua. Mwalimu anaingia, darasa zima linasimama kwa kishindo cha madawati. “Good morning, class!” Nasi kwa sauti ya kuvuta, mashairi matupu: “Good mooorning, teacher!” “How are you?” “We are fine, thank you, teacher, and how are you?” “Sit down.” “Thank you, teacher!” Miaka saba kila siku. Sauti ya wimbo ule ikaniingia kichwani, lakini maana yake haikuingia. Siku mzungu alipopita kijijini kwetu jioni, jua linazama, mimi na wenzangu tulimkimbilia tukipiga kelele “Good morning!” Na mdogo wangu, ambaye hakuwa hata ameanza shule, alijiuliza na kujijibu mwenyewe kwa pumzi moja: “How-are-you-fine!”

Watu hucheka kisa hicho wakadhani mtoto alikosea. Mimi naona alikuwa ameshika jambo kubwa kuliko sisi tuliokuwa darasani. Alijua maneno yale huja mawili mawili.

Na hilo Mswahili hahitaji kufundishwa. Hodi ina karibu yake. Shikamoo ina marahaba. Hujambo, sijambo. Mambo, poa. Asante, karibu. Hata pole ina mwenzake, ingawa vijana wa mjini wanaanza kumsahau: pole, nimeshapoa. Mmoja anarusha, mwenzake anadaka, na asiyedaka ndiye tunayesema hana adabu. Basi nilipoacha kufundisha maana ya “How are you?” na kuanza kufundisha jozi, darasa langu lilibadilika. Natupa mpira wa makaratasi na neno: “Nice to meet you!” Anayedaka anajibu “Nice to meet you too” na kurudisha mpira. “Thank you!” “You're welcome.” “Have a good day!” “You too.” “How are you?” “Fine, thanks, and you?” Ule mkia wa “and you?” nauwekea mkazo kuliko vyote. Ukiukata, mwenzako amekutilia chai wewe hukumtilia.

Kuna baba mmoja darasani ana umri wa kunizaa. Kila jioni mimi mwalimu ndiye ninayemwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwalimu, halafu anafungua daftari. Siku tuliyofika kwenye salamu aliuliza kwa uzito: “Na shikamoo yao ni ipi?” Nikamwambia hawana. Mtoto wa miaka kumi na bibi wa miaka themanini wote unawaambia “Good morning” ileile. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. “Watu wazima wao wanapata tabu,” akasema.

Jozi zina hatari yake, lakini. Ukizikariri bila kujua zinapokaa, unaweza kujikwaa vibaya zaidi. “Nice to meet you” ni ya siku ya kwanza tu. Kesho yake asubuhi, ukimwambia mtu yuleyule “Nice to meet you”, atadhani umemsahau. Hapo ni “Nice to see you.” “Good evening” unaingia nayo na “Good night” unatoka nayo. Hili la mwisho linatushinda kwa sababu kwetu saa moja ni usiku tayari, basi mhudumu anampokea mgeni mlangoni kwa furaha, “Good night!”, na mgeni anageuka nyuma kuangalia kama anafukuzwa. Na “How do you do?” ambayo mwalimu wangu alituchapia viboko ili tuijibu kwa “How do you do?”, katika miaka yangu yote ya mapokezi niliisikia kwa wazee wachache sana. Siifundishi. Anayeitaka atanisamehe.

Halafu kuna Waingereza wenyewe, ambao hawasemi yaliyomo vitabuni. Wanasema “You alright?” Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilikuwa zamu ya asubuhi, na nilikimbilia chooni kujitazama kwenye kioo. Nilidhani nimevimba. Kumbe ni salamu tu, na jibu lake ni “Yeah, you?” Basi. Mmarekani kijana atakwambia “What's up?”, na hiyo ni ndugu kabisa na “Vipi?”: hutakiwi kueleza kilichopo, unasema “Not much” na maisha yanaendelea.

Hapa ndipo darasani huzuka mabishano, kila mwaka, kama vile yamepangwa. Mmoja atasema: wazungu hawajali watu, wanakuuliza hali na hawasubiri jibu. Wengine wataitikia ndiyo, ndiyo. Mimi sikubaliani. Chuoni tulisomeshwa habari za Bronisław Malinowski, mtaalamu wa mila aliyezaliwa Poland, aliyekaa na watu wa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki. Mwaka 1923 aliandika kwamba yako maneno ambayo kazi yake si kupeleka habari. Yanatamkwa ili watu wawili wajue kwamba wako pamoja na hawana shari. Nilipoisoma hoja hiyo niliwaza msibani kwetu. Mtu kafiwa na mama yake, macho yamevimba. Unamfikia: “Habari?” Anajibu nini? “Nzuri.” Nzuri! Halafu ndipo anasema, “ila ndiyo hivyo, mama ametutoka.” Hakuna anayemwambia amedanganya. Ile nzuri ya kwanza si habari, ni kudaka mpira.

Tofauti yetu na wao iko kwenye hiyo “ila”. Sisi baada ya nzuri tuna mlango: nzuri ila mtoto anaumwa, nzuri ila mvua imekataa. Na baada ya habari yako inakuja habari ya nyumbani, ya watoto, ya kazi, ya tangu juzi, na mlango unabaki wazi muda wote huo. Mwingereza anayekupita kwenye korido na “You alright?” hajauacha wazi. Kwa hiyo nawaambia wanafunzi: msimtazame usoni, mtazameni miguu. Kama miguu bado inatembea, sema “Fine, thanks.” Kama amesimama, na hasa kama amekugeukia mwili mzima, unaweza kumwambia ulivyo.

Mlimani somo hili lina uzito mwingine, na hapo mzaha unakwisha. “How are you?” ni salamu. “How are you feeling?” si salamu. Mwongoza wageni anayeuliza swali la pili anatafuta dalili: kichwa, kichefuchefu, usingizi, hamu ya kula. Jibu la kweli linaweza kumshusha mgeni akiwa hai. Shida ni kwamba wageni wengi, Waingereza hasa, wamezoea kudaka mpira hata pale, wanasema “I'm fine” midomo imekuwa ya bluu, au “Not too bad”, ambayo kwa Mwingereza inaweza kuwa na maana yoyote kuanzia mzima kabisa hadi taabani. Kwa hiyo anayetaka kuwa msaidizi hajifunzi kuuliza tu, anajifunza kutoamini jibu la kwanza. “Do you have a headache?” “Did you sleep?” “Did you finish your soup?” Maswali madogo yasiyo na jibu la kukariri. Tunayarudia mpaka wayaseme wakiwa wamechoka, maana ndivyo watakavyokuwa siku ya kuyahitaji.

Na ya hewa nayo. Mwingereza akitoka hemani alfajiri, barafu imeganda kwenye majani, atasema “Bit chilly, isn't it?” Mpagazi mmoja mkweli alimjibu, “No. It is very cold.” Hakukosea hata neno moja, na mazungumzo yalifia palepale. Maneno ya hewa hayasahihishwi, yanaitikiwa: “Yes, it is!” Ni kama mtu akikwambia jua kali leo; huendi kutafuta kipimajoto.

Katika kuita watu ndipo tunapoumizana bila kujua. Kiswahili kinampa kila mtu nafasi: mama, baba, dada, kaka, mzee, bibi, shangazi. Kiingereza kikavu. Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye heshima zake zote, alimsaidia mgeni mzee kuvuka kijito, akamshika mkono na kumwambia, “Careful, old man.” Alikuwa anasema mzee. Alichagua neno la juu kabisa alilonalo. Yule mzee, aliyekuwa amefanya mazoezi mwaka mzima ili apande mlima, hakumsemesha mpaka kambini. Tangu siku hiyo nasisitiza: waulize majina, tumia majina, hata kama ulimi unakataa kumwita mtu wa umri wa babu yako “John” kavukavu. Au “sir” na “madam” kama ulimi umegoma kabisa. “My friend” nayo waiache kwa vijana wanaowaandama watalii mitaani. Wageni wameshaisikia mara nyingi mno kabla ya kufika getini.

Kuomba kuna siri yake, na nafikiri ndiyo siri inayowaudhi wageni kimyakimya kuliko zote. Adabu yetu imo ndani ya kitenzi. “Naomba maji” inatosha, “uniletee chumvi” inatosha, wala huhitaji tafadhali kila sentensi. Tafadhali nyingi zinanuka ofisi. Ukizichukua hizo na kuzipeleka kwenye Kiingereza neno kwa neno, unapata “Bring me salt”, amri ya jeshi. Na “Unataka nini?”, ambayo muuza duka wa hapa anaisema akitabasamu, inakuwa “You want what?”, na mgeni anajiona amekuja kuomba. Adabu yao inapita kwenye swali, na kwenye kujifanya kama jambo halina haraka: “What would you like?” “Could you bring me some salt, please?” “Would you mind...?” Nawaambia wanafunzi, Mwingereza akitaka kitu hakifuati moja kwa moja, anazunguka nyuma ya nyumba. Mzunguke naye.

Nisijifanye mjuzi wa kuzaliwa. Kazi yangu ya kwanza nusura niikose kwa maneno mawili. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaomba nafasi katika hoteli moja mjini. Wakanipigia simu, wakaniambia nifike kesho “at nine”. Nine, tisa. Nikalala usingizi mzuri, nikaamka, nikafua, nikasukwa, nikala mchana, na saa tisa kamili alasiri nikasimama pale mapokezi nikinukia mafuta ya nazi. Walikuwa wamenisubiri saa tatu asubuhi. Dada wa mapokezi, mgeni aliyekuja kujitolea, akaniangalia kwa huruma na kusema, “I'm afraid the interviews are over.”

Mimi nilisikia anaogopa. Nikamshika mkono. “Don't be afraid,” nikamwambia. “I can wait.”

Alicheka mpaka meneja akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Nikaulizwa maswali yangu hapohapo nimesimama, na wiki iliyofuata nikaanza kazi. Ilinichukua miezi kujua kwamba “I'm afraid” pale haikuwa woga wowote, ni kitambaa cha kufunikia neno “hapana”. “I'm afraid the kitchen is closed.” “I'm afraid we're full.” Leo nawafundisha wahudumu hiyo kabla hata ya “no”. Na saa nazifundisha kwa kuchora nyuso mbili za saa ubaoni, yetu na yao, na mstari wa saa sita katikati, na siendelei mpaka kila mmoja amenipangia miadi na amenijia kwa wakati.

Kamusi nayo ina mitego yake. Kijana mmoja aliambiwa na mgeni mwenye ukarimu, mezani, pembeni ya bakuli la matunda, “Help yourself.” Akafungua kamusi ya kwenye simu, akatafsiri neno baada ya neno, akapata jisaidie. Jisaidie! Hapa mezani, mbele ya watu, akiwa ameshika embe? Aliniuliza kwa kunong'ona kama kuna desturi ambayo hakuambiwa.

Simu nitaipitia haraka. “Wewe nani?” tunayoirusha kwenye simu bila ubaya ikiwa “Who are you?” ni kama kumsukuma mtu kifuani, sema “Who's calling, please?” na ukijitambulisha sema “This is...” badala ya “I am...”. Nyongeza moja ambayo darasa huipenda: hata “hello” yenyewe si salamu ya kale kama tunavyodhani. Alexander Graham Bell alipovumbua simu yake mwaka 1876 alitaka watu waitikie kwa “ahoy”, neno la mabaharia. Mwaka uliofuata mvumbuzi mwenzake, Thomas Edison, akapendekeza “hello”, na hiyo ndiyo iliyoshinda. Kwa hiyo bibi yangu, aliyekuwa akishika simu kwa mikono miwili na kupaza “Haloo!” kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya bonde, alikuwa anatumia neno ambalo kwa Waingereza wenyewe lilikuwa bado changa. Na “goodbye” imetoka kwenye “God be with you” iliyotafunwa kwa karne kadhaa. Kwaheri yetu haiko mbali nayo.

Jambo la mwisho ambalo siku hizi sithubutu kuliruka ni mialiko. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja alikuja na barua pepe aliyoichapisha kwenye karatasi. Wageni wake wawili, mke na mume, siku ya kuagana walimwambia “You must come and visit us in Manchester!” Walimkumbatia. Walipofika kwao wakaandika asante na picha, na wakarudia: “You must visit us one day.” Yeye akahesabu. Alikuwa ameanza kuuliza gharama za pasipoti. Alinitaka nimsaidie kuandika barua ya kuuliza watamtumia tiketi ya mwezi gani.

Nilikaa naye kimya kidogo. Nikamuuliza, ukipita kwa jirani ukawakuta wanakula, wanakwambiaje? “Karibu tule.” Nawe unasemaje? “Asanteni, endeleeni.” Na ukikaa na kunawa? Akatabasamu kidogo. Watakupa, nikamwambia, hawatakufukuza, lakini sufuria halikuhesabu wewe. Wale wazungu hawakukudanganya. Walikwambia karibu tule. Ukitaka kujua kama mwaliko una sahani ndani yake, sikiliza kama una siku: “Come on Saturday” ni mwaliko. “One day” ni adabu.

Alikunja karatasi akaitia mfukoni. Tuliandika barua nyingine, ya kuwashukuru kwa picha na kuwauliza mvua ya Manchester. Walijibu haraka, tena kwa urefu.

Mwaka huu Juni ilipoanza, anga likafunguka, benchi zikaanza kuwa tupu mmoja mmoja. Yule kijana wa Marangu alinipitia baada ya safari yake ya kwanza ya msimu, akakaa mwisho wa benchi palepale pake ingawa baraza lote lilikuwa wazi. Akaniambia amelitumia somo. Asubuhi ya siku ya nne, kambini, mgeni mmoja Mwingereza alimpita na kumwambia “You alright?” Naye hakubabaika. “Yeah, you?” akamjibu. Mgeni akasema “Yeah, good”, akaenda kunywa chai.

“Safi kabisa,” nikamwambia. “Umedaka vizuri.”

Akanyamaza kidogo, anaangalia chini.

“Ila madam, siku ile kisigino kilikuwa kimechubuka chote. Soksi ilishikana na nyama.” Akavua ndala, akageuza mguu kunionyesha. Ngozi mpya ilikuwa imeshaota, laini, rangi ya waridi, imezungukwa na ya zamani ngumu kama gome. “Nilitazama miguu yake kama ulivyosema. Ilikuwa inatembea. Basi nikasema yeah.”

Niliinama nikakitazama kile kisigino.

“Pole,” nikamwambia.

“Nimeshapoa, madam,” akasema, akavaa ndala yake.